Kikohozi cha Mlangoni

Jumamosi, 1 Machi

Kadogo amekuja karakana leo, tumbo mbele, yeye nyuma. Akajitupa kwenye kochi la mteja ambalo sijalimaliza. Nikamwambia, mama, hilo halina springi upande wa kushoto. Akasema, Baba, mimi nina springi zangu.

Tunamwita Kadogo kwa sababu alizaliwa kama ngumi. Sasa akisimama karibu nami, mimi ndiye naonekana nimezaliwa jana.

Alikuja na habari mbili. Ya kwanza: mtoto ni wa kike, wamemwona kwenye kipimo. Ya pili: anataka kumpa jina la mama yake.

Nilikuwa na misumari mdomoni. Ndivyo ninavyofanya kazi, misumari mdomoni na nyundo mkononi, kwa hiyo sikuweza kusema lolote. Machozi yakanitoka. Nikasingizia gundi. Neno hilo nimelingoja tangu mwenzangu alipofariki, miaka mitatu sasa, na sikuwahi kuliomba. Mtu haombi jina kama anavyoomba chumvi.

Kisha Kadogo akaweka sharti. Lazima nimwite mtoto kwa jina hilo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Si Sista, si Sista Mdogo, si Bibi, si Mwenzangu.

Nikatema misumari. Hilo tu? Mbona rahisi!

"Haya, liseme," akasema.

Nikakohoa.

Jumapili, 2 Machi

Sijalisema. Jana Kadogo alingoja mpaka akachoka, akaondoka na mto wangu mmoja mzuri wa sponji, eti wa kuegemeza mgongo. Alipofika mlangoni akasema ana siku chache za kungoja, na mimi ninazo hizohizo.

Najua sharti hili limetoka wapi. Mama yangu alipofariki kila mtu katika ukoo alitaka kumtukuza, na ndani ya muda mfupi wakazaliwa wasichana watano, wote wamepewa jina lake. Tukajisifu kweli! Lakini shida ikaanza siku ya kwanza mtoto alipotakiwa kuogeshwa kwa nguvu. Nani atamkaripia Bibi? Nani atamwambia Bibi, toka matopeni, kanawe miguu, mshenzi wewe? Basi mmoja akawa Mrefu, mwingine Chekacheka, mwingine Mwalimu hata kabla hajajua kusoma, mwingine Wa Benki kwa sababu baba yake alikuwa mlinzi wa benki. Wa tano ni huyu wangu, Kadogo. Ukiliita jina la mama yangu leo kwenye mkusanyiko wa familia, hageuki hata mmoja wao.

Kadogo alinipasulia hilo zamani, akiwa bado shuleni. Alisema: mlinipa jina la Bibi kisha mkaliweka kabatini, kama vikombe vya wageni.

Na mimi nilicheka, nikasema ana maneno kama wakili.

Jumatatu, 3 Machi

Kazi: makochi matatu ya mama mmoja mwenye duka la madawa. Paka wake ameyararua mikono yote. Nimeshauri avalishwe soksi. Paka, si mama.

Jioni nimejaribu mbele ya kioo. Hakuna kitu. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu umeota.

Nimekaa nikajiuliza, hivi mara ya mwisho nililitaja lini? Jibu limenitisha kidogo. Sijui kama niliwahi. Tulipokutana, nilikuwa nimekanyaga msumari wangu mwenyewe (fundi gani huyu!), nikapelekwa zahanati nikichechemea, na neno la kwanza nililosikia kutoka kwake lilikuwa "Geuka." Nikageuka. Akanidunga. Nikasema, asante, Sista. Tangu hapo akawa Sista. Kwangu, kwa mtaa mzima, hata kwa mama yangu mzazi. Yeye naye aliniita Fundi mpaka siku ya mwisho. Tulikuwa tunaitana kama watu waliokutana kazini, na ndoa yetu ilikuwa nzuri kuliko za wengi wanaoitana asali.

Nyumbani hata Sista sikumwita sana. Nilikuwa nikifika mlangoni nakohoa. Yeye, popote alipo, jikoni au uani, anajibu: "Nimesikia." Kikohozi changu ndicho kilikuwa jina lake.

Siku ya mazishi msomaji wa wasifu alisoma jina lake lote, vizuri, kwa sauti. Kinyozi, jirani yangu wa karakana, akanigusa bega, jasho linamtoka usoni. Akaninong'oneza: Fundi, wamekosea karatasi? Hapa tumekuja kumzika Sista.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ujanja. Cherehani! Nikikanyaga, ule mngurumo unafunika kila kitu. Leo nimeshona foronya za mito ya makochi yote matatu huku nikilitamka chini ya mngurumo. Kwanza kidogokidogo. Jina lenyewe linaanza kwa kufunga midomo, na mimi hapohapo ndipo ninapokwama, kama zipu mbovu. Lakini kufika saa ya chai lilikuwa linatoka. La kunong'ona tu, na mashine ikisimama nami nasimama. Lakini linatoka!

Nimeshona mshono mmoja kombo wote. Nimefumua.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna jambo mtaani silielewi.

Kinyozi ameninyoa bure. Huyu bwana hajawahi kumpa mtu hata kioo bure. Akanichonga ndevu taratibu, akanipaka mafuta yenye harufu, akasema, "Mtu akianza upya, aanze na uso." Nikamwambia mimi naanza na makochi ya mama wa paka. Akacheka mpaka wembe ukatetemeka.  Mwenye wembe habishiwi.

Muuza vitambaa naye, nilipokwenda kununua velveti, akaniuliza kama nachukua ya nyumbani. Akanikonyeza. Mwanamume mzima, mjukuu wake wa tatu yuko njiani, anakonyeza!

Nimeanza kutengeneza kiti cha mwenzangu. Kile kifupi alichokuwa akikalia akitoka zamu, kuvua viatu. Kadogo anakitaka cha kunyonyeshea. Nimekivua kitambaa. Chini ya sponji: pini za nywele nyingi, kifungo cheupe cha sare, na penseli yangu niliyomlaumu Kadogo kuwa ameipoteza akiwa darasa la tano. Nimeiweka sikioni.

Jumamosi, 8 Machi

Leo lazima niandike yote, maana kesho nitadhani nimeota.

Asubuhi nilikuwa nakaza kanda za mpira kwenye kile kiti. Shemeji akaingia. Huyu ni mdogo wake marehemu, mama wa watu, sauti yake unaisikia kabla hujaona kivuli. Hakusalimu. Aliketi juu ya kochi la mama wa paka ambalo nimelifumua lote, springi zikalia chini yake kama bata, na hakujali.

"Shemeji," akasema, "hongera."

Nikasema asante, bado siku chache, mtoto na mama wazima.

"Sisemi mtoto. Nasema huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Ah, usinifanye mjinga! Mtaa mzima unajua. Unamwita asubuhi, unamwita jioni, unashona huku unamwimba. Sikukatazi, mimi si mama yako. Mwanamume kukaa peke yake si jambo la kupendeza, unaanza kunuka gundi. Lakini ungeniambia mimi kwanza! Nisije nikasikia kwa mtu anayesuka nywele!"

Hapo ndipo nilipoelewa mafuta ya ndevu. Ukuta kati yangu na kinyozi ni plaiwudi. Nimesema daima kuta zina masikio. Wa kwangu una na mkasi. Mngurumo wa cherehani unafunika upande wangu tu, kumbe! Yule bwana amekuwa akikaa upande wa pili, mteja kwenye kiti, wote wawili kimya, wanasikiliza mapenzi yangu.

Nikajaribu kumweleza Shemeji. Nikafungua mdomo, na kama kawaida, hapo kwenye kufunga midomo nikakwama. Yeye akaona mtu mwenye hatia. Nikaona heri nusu shari. Nikamwambia, muulize kinyozi anaitwa nani.

Akainuka. Akapiga plaiwudi kwa kiganja mpaka misumari yangu ikaruka mezani.

"We kinyozi!"

"Naam, mama!"

"Huyo mwanamke wa Fundi anaitwa nani?"

Kinyozi, kwa furaha ya mtu aliyengoja kuulizwa, akalitaja. Kwa sauti. Lote. Kama anayeita mteja aliyeko nje.

Mashine yake ya kunyolea ikazimwa. Mtaa wote ukaonekana umezimwa nayo. Shemeji mkono wake ulibaki pale ukutani. Kinyozi akadhani hajasikika, masikini, akalirudia. Kwa nguvu zaidi.

Shemeji akarudi akaketi, safari hii polepole. Springi hazikulia.

"Mara ya mwisho kusikia mtu analiita jina hilo namna hiyo," akasema, "ni mama yetu. Jioni, akituita tuingie ndani. Dada alikuwa anaitwa mara mbili, mimi mara moja. Maana yeye alikuwa mkaidi."

Sikulijua hilo. Nilikaa na Sista miaka yote ile, na sikujua kwamba alikuwa mtoto wa kuitwa mara mbili.

 Nikamweleza sharti la Kadogo. Akalia kidogo, akacheka sana, akafuta uso kwa kipande cha velveti cha mteja. Kisha kinyozi akachungulia mlangoni, povu mkononi, hajui kama amefanya jema au baya. Shemeji akamwambia, "Huyo ni marehemu dada yangu, bwana. Ni Sista."

 Kinyozi alivua kofia. Akasema, kumbe. Akasema tena, kumbe. Kisha akasema: "Na jina lenyewe zuri hivi! Mlikuwa mnalificha ya nini?"

Jumapili, 9 Machi

Nililala nalo swali la kinyozi, nimeamka nalo.

Sidhani nalificha. Nadhani naliweka akiba. Nikimwita mtu kwa jina hilo na mtu mwingine akaitikia, basi yule wa kwanza hataitikia tena, ndiyo imekwisha. Nikikaa bila kulitaja, ni kama yupo tu uani, hajasikia.

Nimelisoma nililoandika hapo juu. Mwanaume wa umri wangu! Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, nami nimejaza usufi miaka thelathini, najua ukilowa unavyolemea.

Kiti kimekwisha. Nimekivalisha kitambaa cha kijani. Kimependeza. Nimekikalia mara moja tu, kujaribu.

Jumatano, 12 Machi

AMEZALIWA! Asubuhi, jua likianza kupanda. Mzima, mama mzima. Mkwe wangu fundi umeme, mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki, alinipigia simu akasema maneno yote ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Nimekwenda wodini na chupa ya chai na zile pini za nywele mfukoni, sijui kwa nini. Mtoto si ngumi. Ni mkubwa, amekunja uso kama mkaguzi. Mkononi kafungwa kikaratasi: Mtoto wa fulani. Jina bado.

Wauguzi wale wa zamani, waliofanya kazi na mwenzangu na kumheshimu sana, wakaja wote. "Mjukuu wa Sista! Tazama paji la uso! Huyu ni Sista Mdogo huyu!" Na mwingine akadaka: "Sista Mdogo, karibu kazini!" Wakacheka, wakambeba wakampokezana, Sista Mdogo huku, Sista Mdogo kule.

 Kadogo alinitazama tu kutoka kwenye mto. Najua macho hayo. Ni yale ya msichana wa shule anayeona vikombe vya wageni vinarudishwa kabatini.

Nikafungua mdomo, nikitaka kumkatiza yule muuguzi. Nikafunga midomo ili nianze. Ikabaki hivyo hivyo, imefungwa, nikatikisa kichwa kama mbuzi. Wauguzi wakadhani nina uchungu wa furaha. Wakaniletea kiti.

Ijumaa, 14 Machi

Wamerudi nyumbani, kwangu, kwa siku hizi za mwanzo. Nyumba inanuka maziwa na sabuni. Mkwe amefunga taa mpya chumbani, yenye mwanga wa taratibu, akanionyesha swichi mara nne.

Kiti kimekubalika. Kadogo amekaa, akapapasa mikono ya kiti, akasema kimerudi.

Shemeji naye amehamia kwa muda, ndiyo kusema sote tumehamiwa. Amemweleza Kadogo habari ya kinyozi yote, kwa sauti za watu wote, na springi akaziigiza pia. Kadogo alicheka mpaka akashika nyonga. Halafu Shemeji akamalizia: "Kwa hiyo kinyozi kaweza. Mimi nimeweza. Hata anayesuka nywele kaweza. Baba yako ndiye anakohoa."

Wakanitazama wote watatu, na mtoto akiwemo.

Kadogo akazungumza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Amesema Jumatatu wanarudi kliniki, na jina linaandikwa kwenye kadi. Hanilaumu. Amesema ana jina jingine tayari, zuri, jipya, halijawahi kuvaliwa na mtu. Hana haja ya kuniumiza. "Ila sitampa la Mama halafu wewe uwe unapita mlangoni kwake unakohoa. Mimi nimekulia humo, Baba. Mtoto anajua kama jina lake ni lake au ni la mtu anayeogopwa."

Nikasema, nimekusikia, mama.

"Ona," akasema. "Hata mimi unaniita mama."

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda karakana kumpelekea mama wa paka makochi yake. Kinyozi akanifundisha. Ameniketisha kwenye kiti chake, akanifunga kitambaa shingoni, akasema yeye kila siku anaita watu asiowajua, si kazi ngumu. Unavuta pumzi, unaangalia mlango, unasema kama unataka aje. "Wewe, Fundi, unasema kama unataka abaki huko aliko."

Sikujua kinyozi ana akili hiyo. Nimemlipa kikamilifu, ingawa hakuninyoa.

Tukajaribu. Yeye anasema, mimi nafuata. Tumeliita mara kadhaa. Mara ya mwisho kijana mmoja nje akaitika, "Hayupo hapa!"

Lakini kwenye kiti cha kinyozi si nyumbani.

Jumapili, 16 Machi. Mchana

Kesho kliniki. Kadi tupu iko juu ya meza, na kalamu kando yake. Kadogo hakunisemesha lolote asubuhi, na si kwa kununa. Alinikatia ndizi akaniwekea, kama anavyofanya mtu aliyekwisha kukusamehe kabla hujakosea.

Shemeji amekwenda kwake kuchukua nguo. Mkwe yuko uani anaanika nepi, anazipanga kwa urefu kama nyaya. Kadogo ameingia bafuni, akaniambia mtoto amelala, akiamka niende. Nikasema, mimi huyu? Akasema, hakuna mwingine, Baba.

Nimeketi mezani naandika. Nyumba kimya. Maji bafuni yanamwagika.

Ameanza. Kwanza alikwaruza tu, kama mkasi kwenye kitambaa kikavu. Sasa analia kweli.

Nimekwenda. Nimesimama mlangoni na daftari hili mkononi, naliegemeza juu ya kabati la nguo, kwa sababu nisipoandika nitakimbia.

Nimekohoa. Sikukusudia! Mazoea ya miaka.

Na amenyamaza.

Kimya kabisa. Macho wazi, uso umegeukia mlangoni, kwenye sauti ile. Mdomo nusu wazi. Hapa ndipo yule mwingine alipokuwa akisema "Nimesikia." Huyu hajui kusema. Anangoja tu, kama mtu aliyebishiwa hodi halafu mgeni haingii.

Maji bafuni yamefungwa. Kadogo naye anasikiliza.

Uso wake unaanza kukunjamana tena. Huyu ni wa kuitwa mara mbili, naona. Haya, Fundi. Leo huna hata msumari mdomoni. Vuta pumzi. Sema kama unataka aje.

Nimeifunga midomo —